Sura ya Tano: Nzi, Nyigu na Mwembe wa Ngagara

Ngagara, mtaa ulio upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, ulijengwa katika miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, ofisi ambayo utawala wa Kibelgiji uliianzisha mwaka 1952 ili ijenge makazi ya wenyeji katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi. Barabara zake zilizonyooka na vitongoji vyake vinavyotambulika kwa namba vimebaki hadi leo, na pamoja navyo umebaki mgawanyo wa ardhi katika viwanja vya wastani, ambavyo wenyeji huviita parseli, vilivyotenganishwa kwa kuta au kwa ua wa miti, na ambavyo mara nyingi huwa na mwembe mmoja, mlimau au mparachichi nyuma ya nyumba. Anayetaka kuilinda miti hiyo dhidi ya wadudu hana budi kuanza na mpangilio huu, kwa sababu mdudu hatambui ukuta, na nzi aliyekulia ndani ya embe lililooza katika kiwanja kimoja hupata mahali pa kutaga mayai katika kiwanja cha tatu au cha nne, ambako mwenye nyumba huenda akawa ametumia fedha nyingi kununua dawa bila kufahamu kwamba adui wake analelewa kwa jirani.

Jambo la pili ni maji. Bujumbura imekaa kati ya milima iliyo mashariki na Ziwa Tanganyika lililo magharibi, kwa hiyo maji ya mvua inayonyesha Ngagara, yasiponywewa na udongo, huteremka kwa mifereji ya barabarani na vijito hadi ziwani. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal; lina mto mmoja tu unaotoa maji, yaani Lukuga unaoelekea Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke, hata ikawa kwamba kilichokwisha kuingia humo hukaa kwa muda mrefu sana. Humo huishi zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ambao karibu wote hawapatikani kwingineko, pamoja na ndagala na mukeke wanaolisha jiji zima. Dawa nyingi za kuulia wadudu zinazouzwa madukani ni za kundi la pirethroidi, yaani kemikali zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya asili iliyomo katika maua ya pareto; dawa hizo humdhuru binadamu kidogo kuliko sumu nyingi za zamani, na ndiyo maana zinatumika hata katika vyandarua, lakini kwa samaki na nyuki ni kali mno, hata kwa kiasi kidogo. Mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hili, ambao Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia ziliutia saini Dar es Salaam mwaka 2003, unazungumza kwa lugha ya mataifa, lakini sehemu ya kazi yake huanzia kwenye bomba la kupulizia dawa lililoachwa nyuma ya jiko.

Mdudu anayestahili kutangulizwa ni nzi wa matunda anayejulikana kwa wataalamu kama *Bactrocera dorsalis*. Huyu si mwenyeji wa Afrika. Mwaka 2003 aligunduliwa nchini Kenya, akaonekana pia Tanzania katika kipindi hicho hicho, na mwaka 2005 akapewa jina la *Bactrocera invadens*, kwa kuwa ilidhaniwa ni aina mpya iliyotokea upande wa Sri Lanka. Baada ya miaka kama kumi ya kulinganisha maumbile, vinasaba na tabia za kujamiiana, wataalamu walikubaliana kwamba ni yule yule nzi wa Asia aliyekuwa akifahamika kwa muda mrefu. Ndani ya miaka michache alikuwa ameenea karibu bara lote lililo kusini mwa Sahara. Tafiti zilizofanywa kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, karibu na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro, zilionyesha kwamba nzi huyu hustawi zaidi kwenye nyanda za chini zenye joto, na kwamba kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo nzi huyu anavyopungua, akiwaachia nafasi nzi wa Kiafrika wanaovumilia baridi. Ngagara, iliyo katika mwinuko usiofikia mita 900 na yenye joto karibu mwaka mzima, ina mazingira anayoyapenda.

Maisha ya nzi huyu ndiyo yanayoeleza kwa nini kuupulizia mti mzima ni kazi ya hasara. Jike hutoboa ganda la tunda linalokaribia kukomaa kwa mrija wake wa kutagia na kuweka mayai chini ya ganda hilo; baada ya siku moja au mbili mayai huanguliwa, na funza huila nyama ya tunda kwa muda wa wiki moja hivi, huku tunda likianza kuoza na hatimaye likidondoka; kisha funza hutoka, huingia udongoni sentimita chache tu, na humo hugeuka kuwa bundo, yaani kile kijumba kigumu cha rangi ya kahawia ambamo mdudu hubadilika umbo, hadi anapotoka akiwa nzi kamili baada ya siku kama kumi. Kwa hiyo yai na funza wamefichwa na tunda, bundo limefichwa na udongo, na ni nzi mzima peke yake ambaye dawa iliyopulizwa juu ya majani inaweza kumfikia. Wanaokaa juu ya majani hayo mchana na usiku ni wengine: buibui, mbawakawa wadogo wenye madoa wanaokula vidukari, vinyonga, nyuki wanaofuata maua, na nyigu wadogo wasiomchoma mtu ambao kazi yao itaelezwa hivi punde. Dawa huwaua hao kwanza. Si ajabu, basi, kwamba mti uliopuliziwa mara nyingi huishia kujaa wadudu gamba na vidung'ata ambao hapo awali walikuwa wachache, kwa kuwa waliokuwa wakiwapunguza hawapo tena.

Kazi yenye manufaa makubwa kuliko zote haihitaji kununua chochote, na huenda hiyo ndiyo sababu haiheshimiwi inavyostahili. Ni kuokota matunda yaliyodondoka, kila siku ikiwezekana na angalau mara mbili kwa wiki, kabla funza hawajatoka na kuingia udongoni. Tunda lililookotwa halifai kutupwa kwenye lundo la taka wala kwenye shimo la mbolea lililo wazi, kwa maana huko funza hukamilisha safari yake kwa raha. Linapaswa ama kufukiwa kina cha nusu mita au zaidi na kushindiliwa udongo, ama kufungwa ndani ya mfuko mzito wa plastiki mweusi na kuachwa juani siku kadhaa mpaka joto limalize kazi. Ipo njia ya tatu, iliyobuniwa Hawaii na kuenezwa Afrika Mashariki na Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, maarufu kwa kifupi cha ICIPE, ambacho Profesa Thomas Odhiambo alikianzisha Nairobi mwaka 1970. Njia hiyo ni kibanda kidogo cha turubai ambamo matunda mabovu hutupwa, chenye kidirisha cha wavu juu yake, na matundu ya wavu huo yamepimwa kwa namna ambayo nzi anayezaliwa ndani hawezi kupita ilhali nyigu mdogo aliyekulia ndani ya mwili wa nzi hupita na kurudi bustanini. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa chombo rahisi namna hii kinachomtenganisha adui na rafiki bila tone la sumu.

Usafi huo hauna budi kuihusu miti yote inayomlea nzi, si mwembe peke yake. Mpera humhifadhi katika miezi ambayo maembe hayapo, na vivyo hivyo mkungu, mti wa kivuli wenye majani mapana ambao matunda yake huachwa tu yaoze kwa kuwa watu wazima hawayaoni kuwa chakula. Kuku wanaochakura chini ya mti nao hula funza na mabundo mengi, ingawa hawawezi kuwa badala ya kuokota matunda. Kikwazo kikubwa ni cha kijamii: mwenye kiwanja kimoja anayeokota wakati majirani zake hawaokoti hupata nafuu ndogo, na kwa hiyo mpango wenye maana ni ule wa watu wa barabara moja kukubaliana, kabla ya msimu kuanza, nani atasimamia mti usio na mwenyewe na wapi shimo la pamoja litachimbwa. Bujumbura ina desturi ya kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, na ni ajabu kidogo kwamba desturi hiyo haijaelekezwa chini ya miembe.

Udhaifu wa pili wa nzi ni njaa yake. Jike anayetoka udongoni hawezi kutaga mpaka apate chakula chenye protini cha kukomazia mayai, na katika siku hizo huvutwa sana na harufu ya hamira na ya vitu vinavyochacha. Hapo ndipo ulipozaliwa ufundi wa chambo: badala ya kuurusha umande wa sumu juu ya mti mzima, mkulima hudondosha chambo cha protini kilichochanganywa na kiuadudu kidogo mahali pamoja tu, upande wa chini wa majani, kwenye eneo lisilozidi mita moja ya mraba, na nzi hukifuata mwenyewe. Kiuadudu kinachotumika mara nyingi ni spinosadi, ambacho hutokana na bakteria wa udongoni na huvunjika upesi juani. Hata hivyo kikiwa bado kibichi humwua nyuki, kwa hiyo chambo huwekwa jioni na huepushwa na maua. Penye viwanja vidogo kama vya Ngagara ni afadhali zaidi chambo kiwe ndani ya chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu machache ya kumtosha nzi, yasiyoweza kupitisha mjusi. ICIPE imekwisha kuonyesha nchini Kenya kwamba chambo kinaweza kutengenezwa kwa masalia ya hamira ya viwanda vya bia, na mji ambao Brarudi imekuwa ikipika bia tangu miaka ya 1950 haukosi malighafi hiyo.

Ipo pia mitego inayomvuta dume kwa kemikali iitwayo methili-eujenoli, yenye nguvu ya ajabu: katika miaka ya 1960, kwenye kisiwa cha Rota katika Bahari ya Pasifiki, nzi wa aina hii waliangamizwa kabisa kwa kutawanya vipande vilivyoloweshwa kemikali hiyo pamoja na sumu. Lakini Rota ni kisiwa. Katika mtaa uliozungukwa na mitaa mingine, mtego mmoja wa madume hufaa zaidi kwa kujua nzi wameanza kuongezeka lini kuliko kwa kuwamaliza, kwa sababu madume wachache wanaosalia hutosha kuwapanda majike wengi, na wapya huja kila siku kutoka Cibitoke na Kamenge.

Wanaotia matumaini zaidi ni wale nyigu wadogo. Wataalamu huwaita vidusia, yaani wadudu ambao jike lao hutaga ndani ya mwili au ndani ya yai la mdudu mwingine, na mtoto wake humla mwenyeji wake polepole mpaka amwue. Afrika ina vidusia wake wa nzi wa matunda, lakini nzi huyu mgeni alipoingia walishindwa kumdhibiti, kwa kuwa damu ya funza wake huyazingira mayai ya nyigu wa Kiafrika kwa utando wa chembechembe na kuyaua kabla hayajaanguliwa. Nyigu aitwaye *Fopius arisanus*, aliyezoeana na nzi huyu kwao Asia, hana tatizo hilo: hulitafuta yai la nzi chini ya ganda la tunda, hutaga ndani yake, na siku ambayo nzi alipaswa kutoka katika bundo, anayetoka ni nyigu. Aliyapunguza sana madhara Hawaii kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 2006 ICIPE ikamleta Nairobi kutoka huko. Kumwachia katika nchi mpya si kazi ya mwenye bustani, bali ya taasisi kama ISABU, ambayo tangu mwaka 1962 ndiyo inayobeba utafiti wa kilimo nchini Burundi. La mwenye bustani ni kuacha kuupulizia mti dawa, maana nyigu aliyeletwa kwa gharama kubwa hufa sawasawa na nzi.

Kabla ya nyigu kulikuwa na chungu. Maandishi ya Kichina ya karne ya 4 yanasimulia juu ya viota vya chungu wekundu vilivyouzwa sokoni ili vitundikwe kwenye michungwa, na ndugu wa Kiafrika wa chungu hao, *Oecophylla longinoda*, ndiye yule ambaye watu wa pwani humwita maji moto, anayeshona majani kwa hariri na kumwadhibu vikali anayekwea mti wake. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza, Michael Way, alimchunguza Zanzibar, akaona kwamba minazi yenye maji moto huepushwa na kunguni wanaoharibu nazi changa. Baadaye watafiti nchini Benin walionyesha kwamba miembe yenye chungu hao hupata nzi wa matunda wachache zaidi, kwa sababu chungu huwakamata baadhi na, zaidi ya hayo, huacha juu ya tunda harufu inayomfanya nzi jike asite kutaga. Penye chungu hao, basi, ni kosa kuvichoma viota vyao. Lakini sifa zao zisitiwe chumvi: wanauma, mvunaji huwalaani, na tena huwafuga wadudu gamba na vidung'ata kwa ajili ya utamu wanaoutoa.

Vidung'ata vyenyewe ni wadudu wadogo laini waliojifunika unga mweupe, wanaofyonza utomvu na kudondosha maji matamu ambayo kuvu jeusi huota juu yake, mpaka majani ya mwembe yaonekane kana kwamba yamepakwa masizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aina iitwayo *Rastrococcus invadens* iliingia Togo, Benin na Ghana kutoka Asia ya Kusini, na watu waliikata miembe iliyowapa kivuli kwa miaka mingi kwa kudhani imelaaniwa. Tiba ilikuja mwaka 1987, pale Togo ilipomwachia kidusia mdogo aliyechukuliwa India, *Gyranusoidea tebygi*, na miti ikarejea hali yake bila kupuliziwa. Katika bustani ya nyumbani hatua za haraka ni kukata matawi yaliyolemewa, kuyasafisha mengine kwa maji yenye sabuni ya mche iliyoyeyushwa, si ya unga wa kufulia unaoyaunguza majani, na kuwazuia sisimizi kupanda, kwa kuwa sisimizi huwalinda vidung'ata dhidi ya maadui wao. Utepe wa gundi au grisi unaozungushwa shinani hufanya kazi hiyo, ila ukiachwa wazi huwanasa mijusi na ndege wadogo, ambao hufa taratibu. Kwa hiyo utepe uwe mwembamba na ufunikwe kwa wavu wa waya ambao sisimizi hupenya na ndege hafiki.

Wapo wadudu ambao hawastahili hata hatua hizo. Kiwavi wa mlimau, ambaye akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege na akikua huwa wa kijani, ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi na wa njano, *Papilio demodocus*. Mche mchanga unaweza kumalizwa naye, kwa hiyo huondolewa kwa mkono, lakini mlimau uliokomaa hupoteza majani machache tu na kuyarudisha. Mwarobaini, ambao mtaalamu wa Kijerumani Heinrich Schmutterer aliuona nchini Sudan mwaka 1959 ukiwa umebaki na majani yake baada ya nzige kuimaliza miti mingine, hutoa dawa nzuri dhidi ya wadudu wanaotafuna na wanaofyonza, ingawa haimfikii funza aliye ndani ya tunda. Mbawakawa wa kokwa la embe, anayekua ndani ya kokwa bila kuacha alama ya wazi juu ya ganda, huharibu mbegu zaidi kuliko nyama, na mwenye nyumba anayekula maembe yake mwenyewe hana haja ya kukosa usingizi kwa ajili yake, mradi makokwa yasiachwe yakitapakaa uani.

Kinachobaki ni kuvifunika vitunda. Tunda lililovishwa mfuko wa karatasi, hata wa gazeti la zamani, likiwa na ukubwa wa yai la kuku, haliguswi na nzi, na njia hii inawezekana ikiwa mti unapogolewa kila baada ya mavuno ili usizidi kimo cha ngazi. Kuvuna mapema kidogo, embe likiwa limekomaa lakini bado gumu, na kuliacha liive ndani ya nyumba, hupunguza madhara ya nzi na vilevile ya popo, ambao hupendelea matunda yaliyoiva. Kuwaua popo hakujapata kusaidia: Mauritius iliwaua maelfu mwaka 2015 na 2016 kwa amri ya serikali, na mavuno ya matunda hayakuongezeka kwa sababu hiyo.

Wavu unaotandazwa juu ya mti mzima ndio unaohitaji tahadhari kubwa kuliko vyote. Chandarua kikuukuu cha mbu kina matundu madogo yasiyomnasa mnyama, lakini hubeba pirethroidi, na mvua huweza kuiosha dawa hiyo kuelekea kwenye mfereji. Nyavu za kuvulia samaki, zinazopatikana kwa urahisi katika mji wa ziwani, hazina sumu, lakini matundu yake huwanasa popo kwa mbawa, ndege kwa miguu na nyoka kwa mwili, nao hufa kwa kiu au kwa kujinyonga. Jimbo la Victoria nchini Australia limeliweka jambo hili katika sheria: tangu tarehe 1 Septemba 2021, wavu wa kufunikia miti ya matunda ya nyumbani hauruhusiwi kuwa na matundu yanayozidi milimita 5 kwa milimita 5 unapovutwa kikamilifu. Anayenunua wavu sokoni Cotebu hahitaji kubeba rula: auvute kwa mikono miwili na kujaribu kupenyeza kidole, kidole kikipita, wavu huo urudishwe kwa muuzaji.